Nchi Isiyo na Mawe



Ukitoka Dhaka kwa barabara, upande wowote utakaoshika, hutachelewa kuona rundo la matofali kando ya njia na watu waliochuchumaa wakiyaponda kwa nyundo. Wengi wao ni wanawake. Mkono mmoja unalishikilia tofali, mwingine unagonga, na kazi hiyo ndiyo siku nzima. Mgeni hudhani ni vifusi vya nyumba iliyobomolewa. Sivyo. Ni matofali mapya, yametoka tanurini, na yanavunjwa makusudi ili yawe kokoto za kuchanganyia zege.

Sisi hapa Dar es Salaam kokoto huletwa na malori kutoka Lugoba, na hakuna anayejiuliza jiwe limetoka wapi. Bangladesh wanajiuliza. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo ukichimba utapata tope, chini ya tope mchanga, chini ya mchanga tope tena, hivyo hivyo kwa mamia ya mita. Mawe yapo kidogo kaskazini, pande za Sylhet na Dinajpur, na mengine hununuliwa India na Bhutan. Kwingine watu huuchoma udongo hadi uwe jiwe, kisha hulivunja jiwe lenyewe. Moshi wa matanuri hayo huitanda Dhaka kila kiangazi, na watoto wa mji huo huulipia kwa vifua vyao.

Upepo ulioijenga nchi hiyo tunaujua kwa jina. Ni kusi. Unapoanza kuvuma pwani yetu mwezi wa nne na wa tano haukomei Lamu. Huvuka ikweta, hupinda kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Uarabuni, huizunguka India ukiwa umebeba mvuke, na ifikapo Juni huwa umeingia Ghuba ya Bengal na kuanza kupanda vilima vya Meghalaya. Huko, hatua chache nje ya mpaka wa Bangladesh, katika Cherrapunji na Mawsynram, hunyesha zaidi ya milimita 11,000 kwa mwaka, karibu mara kumi ya mvua ya Dar es Salaam. Maji hayo hayana njia nyingine ila kushuka Sylhet. Mabaharia wetu waliutegemea upepo huo kwenda Uarabuni na India. Mkulima wa Bengal anautegemea kula. Ni upepo mmoja.

Lakini mvua ya Meghalaya ni sehemu tu ya hesabu. Mito mitatu mikubwa hukutana katika nchi hiyo. Ganges, ambao ukishaingia Bangladesh huitwa Padma, hutoka magharibi. Brahmaputra, unaozunguka Himalaya kutoka Tibet, hushuka kutoka kaskazini kwa jina la Jamuna. Meghna hukusanya maji ya mashariki. Mito hiyo hukamua eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.7, na Bangladesh yenyewe ni asilimia 7 hivi tu ya eneo hilo. Maana yake mafuriko yanayoingia katika nyumba ya mkulima wa Faridpur yalinyesha Nepal, India, Bhutan na China, ambako yeye hana sauti. Ni mito ya Amazon na Kongo tu inayomwaga baharini maji mengi kuliko mito hiyo ikiungana. Nayo huteremsha takriban tani bilioni moja za mchanga na tope kila mwaka, vumbi la Himalaya. Nchi nzima ni mzigo ulioshushwa.

Kilichoshushwa na mto, mto haujakisahau. Hadi karne ya 18, Brahmaputra ulipita mashariki, karibu na mji wa Mymensingh. Mwaka 1787 yalikuja mafuriko makubwa, mto Teesta ukabadili njia, na katika miongo iliyofuata Brahmaputra wote ukahamia magharibi, makumi ya kilomita kutoka ulipokuwa. Mymensingh ukabaki na kijito kinachoitwa Brahmaputra wa Zamani. Jamuna tunaouona leo kwenye ramani una umri wa miaka mia mbili na kidogo, na wakati wa maji mengi upana wake hupita kilomita kumi, umejaa visiwa vya mchanga vinavyoitwa char. Char huibuka, huota nyasi, watu huhamia, hulima, huoza binti zao, na siku moja mto huja kuchukua mali yake. Kisiwa kingine huibuka ng'ambo, na ugomvi wa nani amiliki ardhi mpya huanza. Mara nyingi mshindi ni tajiri mwenye vijana wa kushika marungu.

Katika ardhi hiyo wanaishi watu wangapi? Sensa ya mwaka 2022, ikishasahihishwa, ilihesabu karibu milioni 170. Eneo la nchi ni kilomita za mraba 147,570, halifiki moja ya sita ya Tanzania. Nasi katika sensa ya mwaka huo huo tulikuwa milioni 61.7. Kwa kila kilomita ya mraba kuna watu zaidi ya 1,100, na humo mna mito, mashamba, mikoko ya Sundarbans na milima ya Chittagong. Anayeshangaa kwa nini watu walijazana mahali penye hatari kiasi hicho aliangalie tope lile lile. Linarutubisha shamba bila mbolea ya dukani, na sehemu nyingi huvunwa mpunga mara mbili kwa mwaka, nyingine mara tatu. Mto unaoua ndio unaolisha, na Kibengali kimeyatenganisha mambo hayo kwa maneno mawili: borsha, maji ya msimu yanayotandaza rutuba, na bonna, maji yaliyopita kiasi. Mwaka 1998 ilikuwa bonna: theluthi mbili ya nchi ililala majini kwa zaidi ya miezi miwili.

Wahandisi waliotoka nje hawakuyasikia maneno hayo mawili. Katika miaka ya 1960, wakati nchi ilikuwa bado Pakistan ya Mashariki, pwani ilizungushiwa matuta, maeneo 139 yaliyofungwa ili maji ya chumvi yasiingie mashambani. Kwa miaka kadhaa mavuno yaliongezeka, na watu walifurahi kwa haki. Kisha ikaonekana kwamba tuta lililozuia chumvi limezuia tope pia. Tope lisiloingia shambani lilizama mtoni, kitanda cha mto kikapanda, shamba likabaki chini kama bakuli, na mvua ikawa haina pa kutokea. Katika bonde la Beel Dakatia, karibu na Khulna, mashamba yalikaa majini mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1990 wanakijiji walichukua majembe wakalikata tuta la serikali kwa mikono yao, maji ya mto yakaingia na kutoka pamoja na tope lake. Baadaye wataalamu walilipokea wazo hilo katika mipango rasmi: kufungulia bonde moja kwa miaka michache liinuke, kisha kulifunga na kufungulia jingine.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Tukitamka miundombinu, macho yetu hukimbilia zege na chuma. Katika nchi ambayo ardhi yenyewe huhama, miundombinu iliyookoa watu wengi zaidi ni ile iliyoweza kuhama nao, ile iliyobebwa na binadamu kwa miguu, nyumba hadi nyumba.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kiliingia kutoka Ghuba ya Bengal, kikasukuma ukuta wa maji juu ya kisiwa cha Bhola na visiwa jirani. Walikufa watu kati ya 300,000 na 500,000. Hakuna kimbunga kilichoandikwa katika historia kilichoua watu wengi kuliko hicho. Satelaiti ilikuwa imekiona, redio ilikuwa imetangaza. Tangazo halikufika kwa mvuvi wa kisiwani kwa namna ambayo angelielewa na kuliamini, na hata angeamini, angekimbilia wapi kwenye nchi isiyo na kilima? Uzembe wa serikali ya mbali ya Pakistan katika kuwasaidia walionusurika uliwakasirisha Wabengali mno. Mwezi uliofuata walipiga kura kwa hasira hiyo, na Machi 1971 vita vya ukombozi vilianza.

Nchi mpya, maskini, iliyobomolewa na vita, ilikuwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa tahadhari ya vimbunga, kati ya serikali na Msalaba Mwekundu, na leo una watu wapatao 76,000, nusu yao wanawake. Vifaa vyao ni vya kawaida kabisa: redio, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha kwa mkono, baiskeli, bendera. Bendera moja, kuna kimbunga baharini. Mbili, jiandaeni. Tatu, ondokeni sasa. Anayepandisha bendera ni jirani yako, unamjua, unaijua na familia yake.

Pa kukimbilia pia palijengwa, kwa kuchelewa. Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 138,000 pande za Chittagong, na waliokufa zaidi ni wanawake na watoto. Wanawake walisubiri waume waamue. Walihofia kulala usiku mmoja na wanaume wasiowajua katika jengo lisilo na chumba chao. Wengine hawakutaka kumwacha ng'ombe, ambaye ndiye akiba yote ya nyumba. Baada ya hapo majengo yalibadilika. Yalisimamishwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, yakawekewa vyumba vya wanawake na mahali pa mifugo, na siku zisizo na kimbunga yakawa shule, kwa hiyo kila mtoto anaijua njia. Aliyeongoza upangaji wa majengo hayo ni mhandisi Jamilur Reza Choudhury. Lishikeni jina lake, tutakutana naye tena.

Novemba 2007 kimbunga Sidr, chenye nguvu ya kulingana na vile viwili, kiliua watu wapatao 3,400. Ni wengi, na sehemu ya nafuu ililetwa na mikoko ya Sundarbans iliyopokea pigo mbele yao. Mei 2020 kilikuja Amphan. Watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa katikati ya janga la korona, na waliokufa Bangladesh hawakufika hamsini. Kutoka laki tatu hadi hamsini! Sijui daraja wala bandari yoyote duniani iliyofanya kazi kama hiyo.

Niruhusuni sasa niingie jikoni. Sukari guru tunaijua. Bibi zetu waliipikia kashata na vileja. Neno guru lilivuka bahari kutoka India, na Wabengali hulitamka gur hadi leo. Mwaka 1968, katika maabara ya kipindupindu mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao wa Kibengali, walithibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Haja ya dripu ikapungua sana. Swali likawa: nani atawafikishia akina mama wa vijijini, na kwa paketi zipi, wakati kiwanda hakuna na duka liko mbali?

BRAC ilijibu kwamba paketi hazihitajiki. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, mhasibu aliyeacha kazi nzuri; tangu mwaka 2006 liko Tanzania na Uganda pia, na wengi hapa wanalijua kwa mikopo ya akina mama. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1990 walituma wasichana waliosoma kidogo wapite kijiji kwa kijiji. Chumvi, mbano wa vidole vitatu. Guru, konzi moja. Maji, kiasi cha nusu lita. Chumvi ikizidi inaweza kumuua mtoto, kwa hiyo mama hakuambiwa tu; alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Mwezi mmoja baadaye msimamizi alirudi, akachagua nyumba chache bila kutangaza, akamwomba mama aeleze na achanganye tena. Mshahara wa mwalimu ulifuata kile ambacho mama alikikumbuka, si idadi ya milango aliyobisha.

Hata hivyo mwanzoni akina mama walikumbuka lakini hawakutumia. BRAC walipochunguza sababu, waligundua kwamba walimu wenyewe wakiharisha hawakunywa dawa waliyoifundisha, hawakuiamini. Basi wakaelezwa upya, kwa undani, maji yanavyopotea mwilini na chumvi inavyoyarudisha. Wakagundua pia kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje, nao wakafuatwa misikitini na sokoni. Mwisho wa miaka kumi nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefundishwa. Nimeshiriki mikutano mingi ya maendeleo maishani mwangu, na sijakutana na mfano bora zaidi wa kuheshimu akili ya mwanamke asiyejua kusoma.

Njia hiyo hiyo ilibeba uzazi wa mpango. Wakati wa uhuru mwanamke wa Bangladesh alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Mwaka 1977, wilayani Matlab, watafiti waliajiri wanawake wa vijijini wenye elimu kidogo, wamtembelee kila mama kila baada ya wiki mbili, na vidonge na sindano kwenye mkoba. Mama ambaye kwa desturi haondoki uani hakulazimika kuondoka. Serikali iliiga kwa nchi nzima, na leo wastani ni watoto wawili na kidogo. Wapo waliodai kwamba nchi ya Kiislamu, maskini, isiyo na viwanda haiwezi kufika hapo bila kulazimishwa. Ilifika kwa kubishiwa hodi.

Si kila kilichofikishwa mlangoni kilikuwa salama, na nisingekuwa mkweli nikinyamaza. Ili watu waache maji machafu ya madimbwi, kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu kwa mamilioni, kwa msaada wa UNICEF. Hakuna aliyepima arseniki. Mwaka 1993 ilithibitika kwamba sumu hiyo, iliyokuja na tope la mito, imo katika maji ya visima vifupi vingi, na makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2000 kwamba hakujawahi kuonekana sumu iliyoenea kwa umma mkubwa kiasi hicho. Ndipo watu wakatembea tena nyumba hadi nyumba, wakapima karibu visima milioni 5 na kuvipaka rangi: kijani kunywa, nyekundu usinywe. Rangi imechujuka katika visima vingi, na kazi haijaisha.

Nije kwenye chuma na zege, kwa sababu navyo vina haki yake. Mto uligawa nchi hadi kwenye reli. Mashariki ya Jamuna reli ilijengwa kwa geji ya mita moja, geji ile ile ambayo Waingereza waliileta Mombasa kutoka India. Magharibi sehemu kubwa ilikuwa geji pana. Behewa la Chittagong halikuweza kufika Khulna. Mwaka 1998 Jamuna ulivukwa kwa daraja la kilomita 4.8, na kwa kuwa mto hauna kingo za kudumu, ilibidi kwanza wahandisi waujengee kingo na kuubana upite hapo. Mtaalamu mkuu katika jopo lililosimamia ni Jamilur Reza Choudhury, yule wa majengo ya vimbunga.

Ukabaki Padma. Kwa wilaya 21 za kusini-magharibi njia ya Dhaka ilikuwa pantoni, na anayeijua foleni ya Kigamboni azidishe saa ziwe siku. Malori ya samaki na mboga yalioza foleni, wagonjwa walifia kwenye gati. Agosti 2014 boti la abiria Pinak-6 lilizama kwenye kivuko cha Mawa. Benki ya Dunia ilikuwa imeahidi mkopo wa dola bilioni 1.2 wa kujenga daraja, ikajitoa Juni 2012 kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2017 mahakama ya Kanada iliwaachia huru walioshtakiwa kwa tuhuma hizo. Serikali iliamua kulipa yenyewe. Tatizo la kiufundi lilikuwa lile la nyundo ya kando ya barabara: hakuna mwamba wa kusimamia. Mto ukifurika huchimba kitanda chake kwa makumi ya mita, na nguzo iliyosimama jana huning'inia leo. Basi mabomba ya chuma yenye upana wa mita tatu yalipigiliwa hadi kina cha mita 120 hivi, yakiegemea pembeni, ili yashikwe na mchanga wenyewe pande zote. Vipande 41 vya mita 150 kila kimoja, magari juu, treni chini, kilomita 6.15. Lilifunguliwa tarehe 25 Juni 2022. Choudhury, mwenyekiti wa jopo la wataalamu wake, alifariki Aprili 2020, hajalivuka.

Daraja hilo lilitukuzwa sana na serikali ambayo Agosti 2024 iliangushwa na vijana walioandamana mitaani. Na mwaka 2019 ulienea uvumi katika simu kwamba linahitaji vichwa vya watoto ili nguzo zishike. Sisi tuliokua na hofu ya mumiani tunaujua uvumi wa aina hiyo. Watu wasio na hatia walipigwa hadi kufa, akiwemo mama aliyekwenda shuleni kuulizia nafasi ya mwanawe.

Dhaka nitaipitia haraka: treni ya mjini tangu Desemba 2022, riksho zenye michoro zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2023, na viwanda vya nguo vinavyoajiri watu wapatao milioni nne, wakiwemo mabinti wa akina mama waliofundishwa guru. Lakini Savar, nje kidogo ya Dhaka, siwezi kuipita. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu 1,134. Lilijengwa kwenye kinamasi kilichofukiwa, likaongezwa ghorofa bila kibali, likapandishiwa jenereta nzito. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi walizionyesha kwa vidole, wakaamriwa kurudi kwenye cherehani. Tope la Bengal halina lawama hapo, lilikuwa limeshasema.

Septemba 2017 kipande cha kwanza cha daraja la Padma kilipachikwa upande wa Jajira, wilaya ya Shariatpur. Septemba 2018, katika wilaya hiyo hiyo, chini zaidi ya mto, Padma uliuma ukingo wa Naria. Ulichukua maduka, misikiti, nyumba za maelfu ya familia, na jengo la hospitali likateleza majini. Walioona ukingo unakaribia hawakungoja. Walipanda juu ya paa wakang'oa mabati, wakakata miti waliyoipanda wenyewe, wakabomoa kuta na kuyapanga matofali yaliyo mazima ndani ya mashua, ili wayajenge tena upande wa pili.